Mzee Tahiri wa Foni na Saa Asiyoitaja

Leo, Ijumaa tarehe 29 Aprili 2005, Bwana Tahiri Asmani anastaafu baada ya kukitumikia Chama cha Afya cha Mwambao kwa miaka ishirini na tisa. Aliingia akiwa kijana wa kuwasha gurupe, yaani jenereta ya umeme, na anatoka akiwa mkuu wa foni. Katika muda huo amefanya kazi chini ya wakurugenzi sita, na wote sita amewakataza kuweka vikombe vya chai karibu na mitambo yake.

Mimi niliyepewa kazi ya kuandika haya ni Schékinah Cubaka wa stoo ya dawa. Nilimwomba Mzee anipe vyeo na tarehe zake ili niandike kama inavyotakiwa. Akasema cheo ni kazi iliyofanyika, na tarehe nimuulize mkewe. Basi nimeandika kama ninavyomjua. Akininunia sijali, maana kuanzia leo hana tena mamlaka ya kunifungia mlango wa chumba cha foni.

Alizaliwa hapa hapa Rumonge, mtaa wa Waswahili, kwa baba seremala aliyevuka ziwa kutoka Ujiji. Utotoni alifungua kila redio iliyoingia nyumbani, na nyingine alifanikiwa kuzifunga. Mwaka 1976 chama kilimwajiri kuliangalia gurupe. Marehemu Cirhuza, Mkongo wa Uvira aliyekuwa akiendesha foni wakati ule, alimwona kijana akisimama mlangoni kila siku baada ya kazi, akamwambia aingie akae. Hajatoka mpaka leo.

Kwa wageni wetu wa leo, foni ni redio ya masafa marefu. Kwa redio hiyo dispensari zetu za Magara, Gatete na Nyanza-Lac huzungumza na Rumonge, na Rumonge huzungumza na ofisi kuu ya Bujumbura. Kabla simu za mkononi hazijafika, na hata sasa mahali zisikoshika, mgonjwa wa mwambao huu alikuwa na Mungu na foni ya Tahiri.

Ana tabia moja ambayo wote tunamtania nayo. Kabla ya kugusa mtambo wowote kwa bisibisi, huulaza mgongo wa mkono wake juu yake na kutulia kidogo, kama mama anayepima homa ya mtoto. Hufanya hivyo kwa gurupe, kwa batri, kwa friji ya chanjo, na siku moja alimfanyia mhasibu aliyelalamika kwamba kichwa kinamuuma. Alimwambia aende nyumbani akapumzike, na kweli ilikuwa malaria.

Vita vilipoingia mwambao, kazi yake iligeuka. Utaratibu wa chama ulikuwa kwamba ambulansi haiondoki mpaka foni itangaze saa na njia, ili kituo kinachoingoja kijiandae. Wakati wa amani ulikuwa utaratibu mzuri. Lakini maneno ya foni ni maneno ya sokoni, mwenye redio yoyote huyasikia. Siku moja ya mwaka 2000 Tahiri alitangaza saa kama alivyoagizwa, na dereva wetu Lukeba akaondoka saa ile ile na sanduku la dawa kuelekea Magara. Kwenye kona moja ya michikichi watu wenye bunduki walikuwa wamekaa wanamngoja. Dawa zilichukuliwa, Lukeba akapigwa risasi ya paja, na muuguzi Vestine, aliyekuwa kando yake, akamburuta hadi ndani ya shamba na kumfunga jeraha kwa kitenge chake. Lukeba alipona. Mpaka leo anachechemea, na akiulizwa husema mguu ule ndio unaoheshimu breki.

Hakuna aliyethibitisha kwamba wale watu walisikia foni. Tahiri hakuhitaji uthibitisho. Alikwenda hospitali, akaketi kando ya kitanda cha Lukeba, akamwambia kwamba kinywa chake hakitataja tena saa ya gari, hata kama atafukuzwa kazi. Mkurugenzi wa wakati ule alimpa barua ya onyo. Tahiri aliisoma, akaikunja, akaitia chini ya mguu wa meza uliokuwa mfupi, na kazi ikaendelea.

Tukajaribu mafumbo. Ambulansi ikawa samaki mukeke, mama mjamzito akawa gunia la chumvi, barabara salama ikawa ugali umeiva. Tulibadilisha maneno kila wiki mpaka tukapotea wenyewe. Kuna siku Domitille, mkunga wa Magara, alitandika kitanda cha kuzalishia, akachemsha vyombo na kuita wasaidizi wawili, halafu gari likafika limebeba katoni za sabuni. Alichosema siku ile hakifai kuandikwa kwenye programu ya sherehe.

Mwaka 2003 ofisi kuu ilituletea kompyuta ya kukunja, iliyokwisha kutumika, pamoja na modemu ya kuiunganisha na foni. Sasa ujumbe ungeandikwa, na anayesikiliza njiani angesikia mikwaruzo tu, kama mtu anayeparua sufuria. Abdulhamid, fundi wa kompyuta wa Bujumbura, alikuwa ameiwekea mfumo wa Linux, kwa sababu virusi vya disketi vilikwisha kuua mashini mbili kabla yake. Tahiri aliizunguka meza, akaulaza mgongo wa mkono juu ya mashini, akauliza inakula umeme kiasi gani. Wiki hiyo alituma saa ya gari kwa maandishi kwa mara ya kwanza. Lukeba alikwenda Magara na kurudi akipiga mluzi, na Tahiri akatununulia chai ofisi nzima, jambo ambalo halikuwahi kutokea na halijarudiwa.

Sisi nasi tuliipenda mashini kwa namna yetu. Nyumba yoyote ya mwambao huu yenye redio au televisheni huivika kitambaa cha kufuma, maana kuiacha wazi ni kama kumpokea mgeni na kumwacha amesimama. Vestine alifuma cheupe chenye ua katikati na pindo refu, kikaifunika mashini kuanzia nyuma ya kioo mpaka mezani. Abdulhamid naye alikuwa ametuwekea zawadi ndani yake. Ukiiacha dakika chache bila kugusa kitu, kioo kiligeuka ziwa la buluu, na samaki wakubwa wakapita taratibu wakitikisa mikia. Wavuvi walikuja kuwatazama dirishani na kubishana majina yao. Amissi, muuza ndagala, yaani dagaa, alipoona hakuna anayewatambua, alisema hao ni wa upande wa Kongo, na mjadala ukafungwa.

Kiangazi cha mwaka jana ndipo mashini ilipoanza kuzimika. Haikuonya wala kulalamika. Tahiri akiwa anangoja laini ya Magara au ya Bujumbura ifunguke, kioo kiligeuka cheusi ghafla, na ujumbe ukapotea. Akiweka mkono chini yake, ilikuwa moto kama birika. Alimwandikia Abdulhamid, na Abdulhamid akajibu kwamba mashini hizo hujizima zenyewe joto likipita kiasi, ili zisiungue. Barabara ya Bujumbura ilikuwa imefungwa, hawezi kuja. Akaanza kutuma maelekezo kwa njia ile ile, kupitia mashini ile ile iliyokuwa inazimika. Ilibidi ayakate vipande vifupi vifupi, na mara mbili Tahiri alipokea kipande cha mwisho kabla ya cha katikati.

Maelekezo ya kwanza yalikuwa kutazama inapopumulia. Inapopumulia palikuwa chini ya ua la Vestine. Kitambaa kikaondolewa kwa heshima zote, na Vestine hakusema na Tahiri kwa siku kadhaa. Maelekezo ya pili yalikuwa kufungua feni. Huko ndani Tahiri alikuta vumbi la barabara limeshikana na masizi ya mitambo ya mawese iliyo jirani yetu, likawa kitu kama utando wa sufuria. Alilitoa kwa mswaki na pamba ya dispensari, ambayo mimi nilimpa na yeye akakataa kuitilia sahihi. La tatu alilifikiria mwenyewe. Alimwagiza fundi atengeneze uchanja mdogo wa wavu, mfano wa zile za kukaushia ndagala ufukweni, akaiweka mashini juu yake ili hewa ipite chini. Mji mzima ukaambiwa kwamba Tahiri wa foni anakausha kompyuta.

Kila hatua ilisaidia kidogo. Mashini ilikaa muda mrefu zaidi, kisha ikazimika vile vile. Linux ina mahali inapoandika joto la mashini, na Abdulhamid alimfundisha kupasoma, lakini kila aliposogea kusoma alikuta joto linashuka, mashini imetulia kama mtoto aliyesikia baba anaingia. Ofisi kuu ikaandika kwamba mwezi ukiisha bila ufumbuzi, turudi kutangaza kwa sauti, au ambulansi isimame. Tuliona kwamba Lukeba kabla ya kila safari alianza kupita nyumbani kwake kuwaaga watoto, kitu ambacho hakuwa akifanya, na Tahiri alikiona kabla yetu.

Halafu ikaja siku ya Domitille. Asubuhi kulikuwa na ujumbe wake kutoka Magara. Mama mmoja alikuwa na uchungu tangu juzi, mtoto amekwama, lazima afike hospitali ya Rumonge kupasuliwa. Domitille alitaka kujua saa ya gari ili amtoe mama kwenye nyumba na kumfikisha barabarani kwa wakati ule tu, maana kumlaza mgonjwa kando ya barabara ile kwa muda mrefu ilikuwa hatari kwa wote. Tahiri akaandika jibu, akatuma, akangoja laini. Mashini ikazimika. Akaipoza, akaiwasha, akaandika tena, ikazimika tena.

Tulikuwa wanne mle chumbani. Kipaza sauti cha foni kilikuwa kinaning'inia kwenye msumari wake, na nakiri kwamba wote tulikitazama. Ingekuwa sentensi moja tu. Lukeba, aliyekuwa amesimama na funguo mkononi, alimwambia Tahiri kwa sauti ya chini ataje tu, yeye ataendesha, huyo mama hawezi kungoja. Niliogopa sana wakati ule, kwa ajili ya mama yule na kwa ajili ya Lukeba, na sikujua nimwombee nani kwanza. Tahiri alitikisa kichwa. Aliiwasha mashini kwa mara ya tatu, akaingiza mgongo wa mkono chini ya uchanja, akakaa bila kugusa kitu chochote.

Mashini ilikuwa ya uvuguvugu. Dakika zikapita. Kioo kikageuka buluu, samaki wakaanza kupita, na palepale, anasema, joto likaanza kupanda kwenye mkono wake na feni ikaanza kulia. Akagusa kitufe kimoja. Samaki wakatoweka, feni ikashusha pumzi. Akaacha tena, samaki wakarudi, na joto likarudi nao. Alicheka, Mzee huyu ambaye huwa hacheki kazini. Wale samaki wazuri walikuwa wanaikimbiza mashini mbio zote ili iwachore, na walikuwa wakitoka wakati ule tu ambapo mwendesha foni ametoa mikono kungoja laini. Alipokuwa anasogea kuchunguza, aligusa kitufe, nao wakajificha. Ndiyo maana hakuwahi kuwakamata.

Akaandika saa ya gari, akatuma, kisha akakaa akigusa kitufe kimoja polepole, tena na tena, kama mtu anayehesabu tasbihi, samaki wasipate nafasi. Laini ikafunguka. Magara wakajibu kwamba wamepokea. Lukeba akawa ameshatoka.

Nimeweka hapa maneno ambayo Tahiri aliwatumia Magara mchana wa siku ile, gari lilipokwisha kurudi na daktari kumaliza kazi yake, kwa sababu Domitille anayajua kwa moyo na angenidai: "Amahoro Domitille. Mama iko sawa. Mutoto iko sawa, ni musichana, na iko na sauti kuliko yako. Lukeba iko hapa anakula." Mtoto hakupewa jina la Tahiri, tusidanganyane. Alipewa jina la bibi yake, na ndivyo inavyotakiwa.

Abdulhamid alipoelezwa habari za samaki, jibu lake lilikuwa fupi: "Samaki ni wangu. Nilidhani watu wa ziwa mutafurahi. Munisamehe." Lakini pamoja na kuomba msamaha alileta dawa yenyewe. Alieleza kwamba hata bila samaki, mashini yetu ilikuwa imepangwa kukimbia mwendo wa juu saa zote, kama dereva anayengurumisha gia ya kwanza kwenda nyumba ya jirani. Foni yetu hupitisha herufi kidogo kidogo, haraka ile haikuwa na kazi. Alimtumia Tahiri amri ya kuiambia Linux iishushe prosesa mpaka mwendo wake wa chini na kuiacha hapo, pamoja na faili ya kuweka ili ikumbuke hivyo kila inapowashwa. Tahiri akaandika herufi baada ya herufi kwa kidole kimoja, akakosea, akarudia, ikakubali. Joto ambalo lilikuwa likipita tisini likashuka chini ya sitini na kukaa hapo, chini ya mabati ya Rumonge, mwezi wa tisa. Batri nayo ikaanza kudumu karibu mara mbili, na gurupe likapata mapumziko. Abdulhamid bila mkono wa Tahiri angetafuta mpaka leo, na Tahiri bila Abdulhamid angekuwa bado anagusa kitufe.

Samaki walifungiwa. Vestine, aliyekwisha kupoteza kitambaa, alilia kidogo kwa ajili yao, kwa hiyo Mzee aliweka sheria kwamba watatolewa siku ya Idi na siku ya Noeli, foni ikiwa imezimwa, kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai, kikombe chenyewe kikiwa nje ya chumba. Leo si Idi wala Noeli, lakini tumeambiwa watatolewa. Kitambaa kimeshonewa tundu mahali pa kupumulia na kitarudi mezani. Vestine na Mzee wanasalimiana.

Tangu siku ile ya Domitille mpaka leo, mashini haijazimika hata mara moja kwa joto, na ambulansi haijaguswa. Kiti cha foni anakikalia Ange, ambaye Mzee amemfundisha mwaka mzima. Ange anajua amri zote kwa kichwa, na wiki iliyopita nilimkuta ameulaza mgongo wa mkono wake juu ya batri, macho ameyafumba. Nikajua urithi umefika.

Mzee na mkewe, Mama Mwanvua, wanahamia Nyanza-Lac kwa binti yao Sumaya. Sumaya alikimbilia Tanzania na mumewe mwaka 1996, akazalia kambini, na mwaka jana alirudi na watoto watatu ambao babu yao alikuwa akiwajua kwa sauti tu. Wamejenga karibu na ziwa. Tunasikia wajukuu wana redio moja iliyoharibika na wamekatazwa kuigusa mpaka babu afike.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, tunamshukuru Mzee Tahiri kwa uvumilivu wake, kwa ukali wake, na kwa jinsi alivyokaa kimya wakati ambapo kusema kulikuwa rahisi zaidi. Wapo watu wanaotembea mwambao huu leo kwa sababu ya ukimya ule, na wengi wao hawajui. Sisi tunajua.

Sasa rudini kwenye ukurasa wa kwanza wa programu hii. Mtaona pameandikwa kwamba gari litakalowapeleka Mzee na mkewe Nyanza-Lac litaondoka saa nne asubuhi, ili Mzee awahi sala ya Ijumaa huko. Hilo si kosa la uchapaji. Tangu Lukeba apigwe risasi, hii ni mara ya kwanza chama kuitaja saa ya ambulansi mahali ambapo kila mtu anaweza kuisoma. Upande wa kaskazini bado tunaandika kwa mashini, na Ange ataandika mpaka barabara yote ipone. Upande wa kusini umetulia miezi mingi, watu wanarudi nyumbani, na tumeona leo tuanze.

Dereva ni Lukeba. Tulipomuuliza atachangia zawadi gani, alisema yeye hatoi zawadi, anaomba. Anaomba kabla gari halijawashwa Mzee akae kwenye kile kiti mara moja tena, achukue kipaza sauti kwenye msumari wake, na aitaje saa kwa kinywa chake mwenyewe, vituo vyote visikie. Mzee alipoambiwa ombi hilo, alimuuliza Lukeba kama matairi yana upepo wa kutosha. Kwa sisi tuliofanya naye kazi, hiyo ni ndiyo.

Mzee Tahiri, murakoze cane, asante sana. Nyanza-Lac ikupokee vizuri, miguu yako ipumzike, wajukuu wakuchoshe kwa furaha, na redio yao ikubali. Domitille yuko kwenye foni Magara. Gatete wako kwenye foni. Nyanza-Lac wako kwenye foni, na Sumaya amesimama nyuma yao. Lukeba yuko kwenye usukani. Taja saa, Mzee. Tunakusikia.